Nani anakudhamini?

Jioni moja nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kivukoni kwenda Kimara, tumebanana kama dagaa kwenye tenga, kijana mmoja akamtokea dada aliyesimama mbele yangu. Alianza vizuri tu. "Mambo." "Poa." "Leo foleni ya tiketi ilikuwa balaa." Dada akatabasamu kidogo. Tulipofika Magomeni Mapipa namba ilikuwa imeshaombwa na imeshatajwa, tarakimu kumi zote, harakaharaka kama mtu anayesoma masharti ya bahati nasibu redioni. Kijana naye si wa kuja. Akaibipu palepale, akatega sikio. Kimya. "Simu yangu imezima chaji," dada akasema. Mimi niliyekuwa nyuma ya bega lake niliiona hiyo simu iliyozima: iko kiganjani, kioo kinawaka, meseji za WhatsApp zinaingia. Kijana aliiona pia. Akashuka Manzese bila kuaga.

Kisa hiki nilikipeleka kijiweni kwetu Tabata, kikazua mjadala wa saa mbili. Kambi ya kwanza, inayoongozwa na fundi friji mmoja mwenye maneno mengi, ilisema kijana alikosea kidogo tu: alipaswa kumwaga sera zaidi kabla ya kuomba namba. Ukimuona mtokee, jiamini, akikataa kuna mwingine kituo kinachofuata. Kambi ya pili ni ya walioumizwa. Hao wanasema achana na wapita njia, jenga urafiki kwanza, mapenzi yatakuja yenyewe. Kila upande ulikuwa na mtu aliyeoa kwa njia yake, kwa hiyo kahawa na kashata viliisha hatujaafikiana.

Siku ile sikuwa na kambi. Sasa nina langu la kusema, na sidhani fundi friji atalipenda.

Nilianza kwa kumuuliza mdogo wangu wa kike, ambaye anapanda magari hayo kila siku na kuombwa namba karibu kila wiki. Nilidhani atazungumzia sura, mavazi au pesa. Hakugusa hata kimoja. "Kaka, mimi yule simjui," alisema. "Sijui anakaa wapi. Sijui kama ana mke. Nikimpa namba halafu nikamkataa, ataanza kunipigia usiku wa manane kwa namba nyingine nyingine. Nitamshitaki kwa nani?"

Nitamshitaki kwa nani. Hakuwa akiongelea polisi. Alikuwa akiongelea mtu: mjomba, mama mwenye nyumba, mwalimu wa kwaya, rafiki wa pamoja, yeyote ambaye yule kijana akivuka mpaka atashindwa kumtazama usoni.

Aliyewahi kukopa kwenye kikoba anaielewa hesabu hii. Pale hawakupi pesa kwa sababu umeongea vizuri, wanauliza nani anakudhamini. Ukikimbia na deni mdhamini ndiye anayegongewa mlango, ndiyo maana haandiki jina lake kwa mtu asiyemjua. Anayeomba namba kwenye basi anaomba mkopo bila mdhamini, tena anamwomba mtu ambaye mambo yakiharibika atapoteza kikubwa kuliko pesa.

Kuna jaribio linalopenda kutajwa kwenye mijadala ya namna hii, na naona watu wengi wanalisoma nusu. Russell Clark na Elaine Hatfield walilifanya kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1978 na tena mwaka 1982, wakalichapisha 1989. Vijana wa kike na wa kiume walitumwa kumfuata mwanafunzi wa jinsia nyingine wasiyemfahamu, wamwambie kwamba wamekuwa wakimuona pale chuoni na anawavutia, kisha waulize moja kati ya maswali matatu: utatoka nami leo usiku, utakuja kwangu leo usiku, au utalala nami leo usiku. Kwa swali la tatu, wanaume 7 hivi kati ya kila 10 walikubali. Wanawake hakukubali hata mmoja. Hapo ndipo watu hucheka na kufunga kitabu. Lakini rudi kwenye swali la kwanza. Takriban nusu ya wanawake walikubali kutoka na mtu ambaye dakika moja nyuma walikuwa hawajawahi kuongea naye.

Nusu! Fundi friji angesema unaona, kujiamini kunalipa. Mimi naangalia mahali. Ilikuwa ndani ya eneo la chuo, siku za masomo, na anayekufuata pale una kila sababu ya kuamini ni mwanafunzi mwenzako. Yale maneno ya kuanzia, kwamba nimekuwa nikikuona hapa, yalikuwa yanasema tunaishi mahali pamoja, ukinitafuta utanipata. Chuo kilisimama mdhamini bila kuombwa. Swali lilipohamia nyumbani kwa mtu, dhamana ya chuo iliishia getini: mwaka 1978 wanawake waliokubali walikuwa asilimia 6, na 1982 hakuna.

Nguvu ya kuonekana mahali pamoja ilipimwa pia mwaka 1992, safari hii Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Richard Moreland na Scott Beach waliwachukua wanawake wanne wa mwonekano wa kawaida, wakawa wanaingia darasani na kukaa kimya. Mmoja hakuingia kabisa, wengine waliingia mara 5, mara 10 na mara 15. Hawakuongea na mtu, hata salamu. Mwisho wa muhula wanafunzi walipooneshwa picha zao, aliyeingia mara nyingi zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Zimwi likujualo, wahenga walisema, halikuli likakwisha.

Wazee wetu wa pwani jambo hili walilipa cheo kabisa, wakamwita mshenga. Wengi siku hizi wanamkumbuka kama mzee wa kupeleka barua ya posa na kuongea kwa mafumbo. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko hiyo. Kabla ya barua watu walikwenda kupeleleza: ukoo upi, kijana ana kazi gani, ana hasira, ana madeni, ana mke mwingine huko alikotoka. Upande wa pili nao ulipeleleza. Na baada ya harusi, siku sufuria zilipogongana, mshenga aliitwa barazani aeleze ni mtu wa namna gani aliyewaletea. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina harufu ya utaratibu huo, maana inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Makanisani wanatangaza Jumapili tatu. Ukiangalia, yote hayo ni kuuliza hadharani kama yupo anayemjua huyu mtu kuliko tunavyomjua sisi.

Sitamani turudi huko. Mara nyingi upelelezi ulikamilika, mahari ikajadiliwa na kilemba cha baba kikalipwa, ndipo binti akakumbukwa, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Sheria hiyohiyo ya 1971 ilibidi iandike wazi kwamba ndoa ni muungano wa hiari. Mji ulipomwachia binti achague mwenyewe ulifanya jambo la haki. Ila ulimwachia na kazi yote ya upelelezi, aifanye peke yake, amesimama, kati ya Magomeni na Manzese.

Kambi ya urafiki kwanza ina takwimu nzuri kuliko yenyewe inavyojua. Mwaka 2021 Danu Anthony Stinson wa Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu karibu 1,900, wakiwamo wanafunzi wengi wa vyuo. Theluthi mbili hivi walisema uhusiano wao ulianza kama urafiki. Wanafunzi walioulizwa kwa undani walikuwa wamekaa kwenye urafiki huo wastani wa karibu miezi 22 kabla mambo hayajabadilika. Hiyo ni Amerika ya Kaskazini, na Tandika si Toronto, lakini si habari ya kupuuza. Shida ni kipande kimoja ambacho wahubiri wa urafiki kwanza wanakiruka: wengi mno kati ya wanafunzi hao walisema hawakuingia kwenye urafiki wakiwa na nia ya mapenzi. Walikuwa marafiki kweli, mengine yakaja. Anayechukua matokeo hayo akayageuza mbinu hafanyi walichofanya wao.

Naijua mbinu hiyo kwa sababu niliitumia.

Nilikuwa chuoni hapahapa Dar es Salaam. Kwa miezi 14 nilikuwa rafiki wa msichana mmoja wa darasani kwetu. Maji yalipokatika nilimbebea ndoo hadi mlangoni mwa hosteli yao. Nikienda kutoa kopi za notisi nilitoa na zake. Nilimsindikiza Kariakoo kununua viatu, jua la saa saba, maduka 11, na jozi aliyoichukua ilikuwa ya duka la kwanza. Nilisikiliza malalamiko yake kuhusu wanaume nikitikisa kichwa kama padri. Na kila wema niliuandika moyoni, kama mwenye duka anavyoandika daftari la wanaokopa, nikisubiri mwisho wa mwezi.

Siku ya siku alikuja na bahasha. Kadi ya mchango wa harusi yake. Single elfu hamsini, double laki moja. "Wewe ni kaka yangu," alisema, "nimekuweka kwenye kamati, usije ukaniangusha." Wakanipa kazi ya vinywaji.

Nilikasirika wiki nzima. Niliwaambia marafiki zangu kwamba amenitumia na kunipotezea muda, nao wakanipa pole za kiume. Leo nikikumbuka naona aibu. Yeye hakunidanganya hata mara moja, mwongo nilikuwa mimi. Yule kijana wa mwendokasi alimwonesha dada anachotaka ndani ya vituo vichache, akakataliwa, kila mtu akaenda zake. Mimi nilimficha mwenzangu nia kwa zaidi ya mwaka, nikapokea siri ambazo asingezitoa kwa mtu anayemtongoza. Ukirudi kwenye lugha ya kikoba, mgeni anakuja bila mdhamini, na rafiki wa uongo anakuja na barua ya mdhamini aliyoiandika mwenyewe.

Wala sikuwa peke yangu kwenye ndoto hizo. April Bleske-Rechek na wenzake, huko Wisconsin, waliwahoji marafiki jozi 88 za mwanamume na mwanamke, kila mmoja pembeni, wakachapisha mwaka 2012. Wanaume walivutiwa na marafiki zao wa kike kuliko wanawake walivyovutiwa nao, na juu ya hapo walikadiria kwamba wanapendwa kuliko ilivyokuwa kweli. Ningeyajua hayo mapema pengine ningeokoa viatu vyangu na jua la Kariakoo.

Nikiziweka njia hizi mbili pamoja naona zina mzazi mmoja, naye ni aibu. Mwanamume anampenda mgeni kwa sababu kukataliwa na mgeni hakuna shahidi anayekujua, unashuka Manzese na habari imeishia hapo. Rafiki wa uongo naye anakwepa aibu kwa njia nyingine: hasemi, kwa hiyo hakataliwi, na siku mambo yakienda kombo anaweza kuapa kwamba ulikuwa urafiki tu. Na hapo ndipo penye tatizo. Ugeni uleule unaomkinga yeye na aibu ndio unaomtisha dada. Anachokihitaji yule dada, watu wanaowafahamu wote wawili, ndicho mwanamume anachokikimbia, kwa sababu watu hao wataona akikataliwa.

Wanawake wako kwenye hesabu tofauti na sitaki kuwapima kwa mizani yangu. Mwanamke akimtokea mwanamume mgeni ataitwa majina kabla hajamaliza sentensi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: methali hii wanaipenda sana wanaume walewale wanaolalamika kwamba wanawake hawasemi wanachotaka. Kwa hiyo anatumia njia iliyobaki, yaani urafiki na dalili zake. "Umekula?" ya saa nane mchana. Status ya WhatsApp inayomlenga mtu mmoja kati ya mia mbili. Kanga iliyochaguliwa maneno kwa makusudi. Akificha nia ndani ya urafiki namwelewa, maana mlango mwingine umefungwa kwa kufuli na wenye funguo ni sisi.

Kuhusu ofisini nitasema jambo moja. Huko watu wanajuana, kwa hiyo ungetegemea dhamana iwe kubwa. Lakini bosi anapomtokea aliye chini yake mambo yanapinduka, kwa sababu anayetakiwa kupokea mashitaka ndiye mshitakiwa. Mahali panapojuana panamlinda mtu iwapo tu anaweza kusema hapana na kesho akaja kazini kama kawaida.

Mtandao je? Marekani umeshashinda. Michael Rosenfeld wa Stanford na wenzake walionesha mwaka 2019 kwamba kati ya wapenzi wa jinsia tofauti waliokutana mwaka 2017, asilimia 39 walikutana mtandaoni. Waliokutana kupitia marafiki walishuka kutoka asilimia 33 mwaka 1995 hadi 20. Mtu anaweza kusema basi mdhamini amekufa. Kwa ninavyoona mimi, amebadilisha kazi. Waangalie akina dada wa mjini wanavyofanya na namba ya mtu wa Instagram. Anaingia kwenye M-Pesa kama anayetaka kumtumia shilingi elfu moja. Jina la mwenye laini linatokea kwenye kioo. Analisoma, analikariri, anaghairi muamala. Bwana aliyejitambulisha kwa jina moja anakutwa na jingine. Jina hilo linapelekwa Facebook, likitoka huko linaingia kwenye grupu la waliosoma pamoja sekondari, na kabla ya saa nne usiku kuna mtu amejibu: "Huyo? Si ana watoto wawili Morogoro?" Mshenga yuko hai, ila siku hizi anafanya kazi ya upelelezi tu, posa hapeleki.

Kwa hiyo kijana wa mwendokasi ningemwambia nini? Kwanza, aache kudhani tatizo lilikuwa mistari yake. Mistari ilikuwa mizuri, hata ile ya foleni ya tiketi. Aende mahali atakapoonekana mara 15 na watu wamjue jina: kwaya, kikoba, jogging za Jumapili asubuhi, timu ya mtaa, kamati za harusi zinazokula mishahara yetu. Asiende kuwinda, maana watu wanamnusa mwindaji, bali akae awe mtu. Akishaona anayemvutia aseme, na aseme mapema, ndani ya wiki chache na si baada ya miezi 14, kwa maneno ya kawaida yanayoacha nafasi ya hapana. Akiambiwa hapana aje Jumapili inayofuata aimbe sauti yake ya tenor kama kawaida. Hilo la kurudi Jumapili inayofuata ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalotazamwa na wanawake wengine kumi waliokaa kwenye benchi.

Ningesema na yanayopingana nami, kwa kuwa yapo. Nina jirani aliyempata mke kwenye foleni ya vipimo hospitalini, hawajawahi kuonana kabla, na wana miaka 19 pamoja. Mgeni anaweza. Ila nilipomuuliza mke wake kilichomfanya atoe namba, alisema bwana huyo alikuwa amemleta mama yake mgonjwa, akimshika mkono kwenda chooni na kurudi, saa tatu nzima. Mama yake alimdhamini bila kufungua mdomo.

Mimi nilikwenda kwenye kamati. Ilikuwa mwaka 2016, vikao vya kila Jumamosi kwenye ukumbi wa baa moja Sinza, na hesabu za kreti za soda zilikuwa juu yangu. Kikao cha pili bibi harusi mtarajiwa alinikutanisha na binamu yake, mweka hazina msaidizi. "Huyu ni kaka yangu," akamwambia, "mtu mzuri, ila mwoga wa kusema." Sijui aliyajua mangapi. Kikao cha nne nilisema, pembeni ya makreti, mikono inatoka jasho. Akajibu atafikiria.

Baada ya kuoana ndipo aliponisimulia usiku ule. Alifika nyumbani akaingiza namba yangu kwenye M-Pesa, shilingi mia tano, jina likatokea, likawa la mtu mwingine kabisa. Laini yangu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la marehemu baba tangu niko sekondari, na wala sikuwa nimewahi kulifikiria. Alitaka kuifuta namba palepale. Kabla ya kuifuta akampigia bibi harusi, akamsomea lile jina. "Aah, hilo ni jina la baba yake," bibi harusi akamwambia. "Nilikwenda kwenye msiba wake."